Uchaga wa Shangazi Skolastika

Ilikuwepo nchi, na huenda bado ipo, ambayo watu wake waliamriwa kula nyama tupu. Mimi sijawahi kufika huko, na yeyote anayesema aliniona mpakani na fungu la mchicha ndani ya koti ananisingizia. Nasimulia niliyoyasikia, na nayasimulia kwa heshima zote kwa wahusika, hasa wale ambao bado wana madereva.

Amri yenyewe ilianza kwa nia njema. Mtukufu Rais, Baba Mlishaji wa Taifa, alikuwa amenenepa mpaka picha yake ikashindwa kuenea kwenye stempu moja, ikabidi kila barua ibandikwe mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia. Akaenda ng'ambo kutibiwa. Huko daktari akamwambia aache kila kitu, ale minofu tu, ile isiyo na chembe ya mafuta. Baada ya miezi minane Mtukufu alirudi mwembamba kama ufito, suruali ameifunga kwa tai. Alisimama uwanjani akatangaza: "Wananchi, nimeuonja ukweli, na ukweli ni mnofu!"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa walikuwa wameletwa kupiga makofi. Siku hiyohiyo mboga zikapigwa marufuku na nafaka zikapewa saa arobaini na nane ziwe zimetoka nchini. Wizara ya Kilimo ikageuzwa kuwa Wizara ya Nyama kwa kubadili kibao cha mlangoni. Waziri alibaki yuleyule, Mheshimiwa Fokasi, kwa sababu tayari alikuwa anaijua njia ya kwenda ofisini. Wananchi ambao hawakuweza kupata nyama waliruhusiwa kushinda na njaa, na wizara ikaeleza kwa upole kwamba kushinda na njaa ndiyo hatua ya kwanza ya mlo wa nyama.

*

Katika wizara hiyo alikuwemo karani aitwaye Ludoviko, mtu wa makamo, mwenye mwandiko mzuri na moyo wa kushtuka upesi. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na dada wa baba yake, Shangazi Skolastika, huko Bonde la Msambo.

Msambo hakukuwa na umeme wala barabara. Kiangazi kilichukua miezi saba. Kwa hiyo watu wa bonde walichinja ng'ombe mwanzoni mwa kiangazi, kabla hawajakonda, wakaichana nyama vipande virefu, wakaipaka chumvi, wakaitundika uchagani, kwenye fito zilizopangwa juu ya moshi wa kuni za mkambala. Nyama ilikauka ikawa nyeusi na ngumu, na ililiwa kidogo kidogo mpaka mvua zirudi. Uchaga wa Shangazi Skolastika ndio uliokuwa mkubwa kuliko zote. Nusu ya bonde ilimletea nyama zao awakaushie, na kiangazi hakuna aliyelala njaa.

Tena walikuwa na desturi yao moja. Huko Msambo nyama haikuliwa bila jina. Kila kipande kilifungwa uzi wa rangi ya ng'ombe wake, na mtu akikaa kwenye sahani aliuliza kwanza, "Leo tunakula nani?" Akajibiwa, "Leo tunakula Sikitu, yule ng'ombe wa mzee Hilari, mwenye pembe moja." Hapo walimsifu Sikitu kidogo, maziwa yake na ukaidi wake, ndipo wakamla. Aliyesema tu "nimekula nyama" alionekana hakufundwa kwao.

Sasa, mwaka wa tatu wa mlo wa taifa, Mkaguzi wa Sahani alipita Msambo akaona kile kilichoning'inia. Akaandika taarifa yenye sentensi moja: "Nimekuta kitu cheusi, kigumu, kinachonukia vizuri kupita kiasi, na wananchi wanadai ni nyama." Taarifa ilipanda ngazi za wizara ikizidi kutisha kila ngazi. Ilipofika juu kabisa, ikaundwa Tume Maalumu ya Kuchunguza Kama Nyama Iliyokaushwa ni Nyama. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Akwilino, bingwa wa mambo ambayo hayajawahi kuulizwa. Katibu wake, kwa sababu ya mwandiko, alikuwa Ludoviko.

Hati ya kuunda Tume ilieleza wazi: ikionekana kwamba si nyama, chaga zote za Msambo zitachomwa moto, na wenye chaga watapelekwa miaka mitatu Kambi ya Kunyoosha Ladha. Shahidi wa kwanza, na wa pekee, alikuwa Skolastika wa Msambo. Ludoviko aliandika jina la shangazi yake, na wino ukamdondokea kwenye suruali.

*

Alimpelekea wito yeye mwenyewe, Jumamosi, kwa miguu kutoka mwisho wa lami.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona umekonda hivyo? Si mnalishwa nyama huko mjini?"

"Tunalishwa, shangazi. Mawaziri wanakula nundu na mafuta. Sisi makarani tunapewa mifupa, halafu tunasaini kwamba tumeipokea."

Shangazi Skolastika alicheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imekolea moshi mpaka kwenye viwiko. Alipouliza karatasi inasema nini, Ludoviko alimsomea yote, pamoja na lile neno la kambi. Kicheko kikakatika.

"Na huo uamuzi anauandika nani?"

"Mimi, shangazi."

Shangazi aligeuza kipande kimoja uchagani. Ludoviko alitamani ardhi ipasuke immeze. Huyu ndiye aliyemlisha kipande cha mwisho cha kiangazi, akasema yeye ameshiba, na Ludoviko akiwa mtoto aliamini kweli kwamba ameshiba.

"Basi uandike vizuri," alisema shangazi mwishowe. "Watu wakiufungua utaona aibu ikiwa una makosa. Nimekulipia shule mimi."

*

Kikao cha Tume kilifanyika ukumbini, mbele ya meza iliyobeba vielelezo viwili: sinia la nyama mbichi kwa niaba ya serikali, na kipande kimoja cheusi chenye uzi mwekundu kwa niaba ya Msambo. Mheshimiwa Fokasi alifungua kwa hotuba. Alisimama kwa awamu mbili, mwili kwanza kisha tumbo.

"Ndugu wajumbe," alisema, "nchi hii ina maadui watatu: wa nje, wa ndani, na wa sahanini. Leo tunapambana na huyu wa tatu. Sipendi kuwaingilia katika kazi yenu. Niko hapa kuwaambia tu mtakachoamua."

Wataalamu wakaanza. Afisa wa Madini alithibitisha kwamba chumvi ni jiwe. Afisa wa Hali ya Hewa alisema jua lililotumika kukaushia lilikuwa la serikali na halikuombewa kibali. Kisha Profesa Akwilino akavua miwani, akavaa nyingine, akaja na hoja yake kuu.

"Nyama hii imetiwa moshi. Moshi umetoka kwenye kuni, kuni zimetoka kwenye mti, na mti ni mmea. Kwa hiyo moshi ni mti uliochelewa kupotea. Anayekula nyama ya moshi anakula mti, na anayekula mti, waheshimiwa, ni mla mboga!"

Ukumbi ulivuta pumzi kwa hofu. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio.

Shangazi Skolastika aliitwa mbele. Alisogea mezani, akaugusa ule uzi mwekundu.

"Je, shahidi," aliuliza Profesa, "hii ni nyama?"

"Huyu ni Sikitu," alijibu.

"Nimeuliza kama ni nyama."

"Nami nakujibu, mwalimu. Alipokuwa anatembea alikuwa Sikitu. Alipochinjwa alikuwa Sikitu. Nimempaka chumvi na kumpa moshi, na bado ni Sikitu. Maji ndiyo yaliyoondoka. Mwenyewe yupo."

"Kwa nini hana mafuta?" Mheshimiwa Fokasi alidakia. "Nyama isiyo na mafuta ina ladha gani?"

"Mafuta nayatoa yote, mheshimiwa. Nyama ya mafuta haikauki. Inaozea palepale uchagani, halafu inawaharibu na wenzake." Alisema hivyo akimtazama tumboni, bila ubaya wowote, kama fundi anavyotazama kazi. Wajumbe walijikohoza. Ludoviko aliandika kila neno kwenye kumbukumbu, na ilikuwa furaha yake pekee ya siku hiyo.

Haikusaidia. Tume iliamua kwa kauli moja, kauli ya Mheshimiwa Fokasi, kwamba kitu kile si nyama bali ni kumbukumbu ya nyama, na kwamba wananchi hawaruhusiwi kula kumbukumbu. Chaga zingechomwa Ijumaa. Ludoviko aliuandika uamuzi kwa mwandiko wake wa kupendeza, machozi yakimtiririka, akiyapangusa kwa kiwiko kila mara yasidondoke kwenye karatasi. Haukuwa na kosa hata moja la uandishi. Kilichobaki ni muhuri wa Mtukufu.

*

Jumatatu alilipeleka jalada Ikulu. Akaambiwa Mtukufu yuko kwenye tafakuri.

Tafakuri hiyo ilikuwa inafanyika chooni. Miaka mitatu ya minofu mitupu ilikuwa imeyafunga matumbo ya nchi nzima, na Mtukufu, aliyetangulia kula, alikuwa ametangulia kufunga. Kila alipoingia chooni redio ya taifa ilipiga muziki wa taratibu, na watangazaji walisema anatafakari mustakabali wa taifa. Kwa kawaida alitafakari asubuhi moja. Safari hii Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, muziki ukaanza kujirudia. Ludoviko alikaa kwenye benchi nje ya mlango, jalada mapajani. Alikuwa akiomba jambo ambalo hakuthubutu hata kulitaja moyoni.

Alhamisi asubuhi, Mheshimiwa Fokasi aliamuru mlango uvunjwe. Mtukufu alikuwa amekaa wima, mkono kidevuni, mwenye heshima zake zote, na alikuwa amefariki.

Mawaziri wote thelathini na wanne waliitwa, wakajibana kwenye ukumbi mdogo wa choo cha wageni. Lilisomwa fungu la Katiba lisemalo kwamba kiti cha Rais hakitahesabiwa kuwa wazi maadamu kimekaliwa na mwenyewe. Kikiwa wazi, utafanyika uchaguzi ndani ya siku tisini. Kwa neno "uchaguzi" waziri mmoja alizirai, na wenzake walimwonea wivu.

"Asiondoke kitini," alisema Fokasi. "Mwekeni kwenye friji mpaka tufikirie."

Friji za Ikulu zilikuwa zimejaa nundu, na umeme wenyewe ulikuwa umekatika tangu juzi. Joto lilikuwa kali. Mawaziri wakaanza kuziba pua kwa adabu.

"Hivi hakuna mtu katika nchi hii," Fokasi alilia, "anayejua kutunza kitu kisiharibike?"

Ludoviko alinyanyuka kwenye benchi. Sauti aliyoisikia ikitoka kinywani mwake hakuitambua. "Yupo, mheshimiwa. Nyinyi kesho mnamchomea uchaga."

*

Gari la bendera lilimleta Shangazi Skolastika kutoka mwisho wa lami saa sita mchana, na mfuko wake wa chumvi mapajani. Aliingia, akamtazama yule aliyekaa. Mawaziri walitarajia apige magoti. Yeye akamwekea mkono begani.

"Desideri," alisema taratibu. "Desi wa kwa mama Yustina. Tulikuwa tunachunga ndama pamoja. Alikuwa mtoto mwoga huyu, akilia akiona tone la damu." Machozi yakamtoka, ya kweli, na katika chumba kile hakuna mwingine aliyelia. Kisha akambinya mkono, akambinya na shavu. "Hana mafuta. Atakauka vizuri."

"Basi anza, mama, anza upesi!" alisema Fokasi.

"Sianzi."

"Unasema?"

"Nyinyi mmeandika kwamba kilichokaushwa si chenyewe tena. Nikimkausha Desi, mtakuwa mmekalisha nini pale kwenye kiti? Kumbukumbu? Mimi sifanyi kazi ya kuja kukanwa. Andikeni upya kwanza."

Mawaziri walitazamana. Walichelewa kidogo kuelewa, lakini pua ziliwahimiza. Profesa Akwilino aliitwa, na kwa muda wa kunywa supu moja akawa amefanya utafiti mpya na kugundua kwamba moshi si mti hata kidogo, moshi ni hewa yenye uzoefu. Ludoviko alilichana lile jalada la kwanza vipande vipande. Kisha akaketi akaandika, safari hii bila kudondosha wino:

*Kitu chochote kilichokaushwa kwa chumvi na moshi ni kilekile kilivyokuwa, chenye jina lake, hadhi yake na haki zake zote. Nyama iliyokaushwa ni nyama kamili. Chaga za Msambo zitalindwa na dola.*

Muhuri ulikuwa mfukoni mwa Mtukufu. Ukatolewa, ukagongwa. Kumbukumbu za kikao zinasema Mtukufu hakupinga.

*

Wiki tatu Mtukufu alikaa kwenye uchaga uliojengwa jikoni Ikulu, na redio ikatangaza kwamba tafakuri imefikia hatua ya juu. Kisha akakalishwa barazani, kiti chake, miwani yake myeusi, mkono kidevuni vilevile. Watu walipita wakampungia.

Na niseme kweli, kwa mujibu wa niliyoyasikia, nchi haijawahi kutawaliwa vizuri namna ile. Hapakutoka amri mpya miezi minne. Balozi mmoja aliandika kwao kwamba katika maisha yake hajakutana na kiongozi anayesikiliza kwa utulivu kiasi kile. Shangazi Skolastika alikuja kila mwezi kumpaka chumvi kidogo na kumgeuza, na kila alipofika alimsalimia kwa jina.

Jambo lililofuata hakuna aliyelitarajia. Asubuhi moja Mheshimiwa Fokasi alitokea Msambo peke yake, bila bendera, jasho likimtiririka.

"Mama Skolastika," alisema akichungulia huku na huku, "mimi nami nakaribia kuzeeka. Nimelitumikia taifa. Sioni sababu ya kuliacha. Nilikuwa nauliza, kwa siri, kama ningeweza kuwekewa nafasi uchagani."

Shangazi alimbinya mkono. Akambinya shingo. Akatikisa kichwa.

"Huwezi, mheshimiwa. Una mafuta mengi. Utaoza siku ya pili."

Fokasi alibadilika rangi. "Sasa nifanyeje?"

"Majani," alisema shangazi. "Mchicha, kisamvu, matembele. Mahindi ya kuchoma kidogo. Na uwe unatembea kwa miguu. Uje kila Jumamosi nikubinye."

Wiki ya pili walikuja mawaziri watano. Mwezi ulipokwisha walikuja wote thelathini na wanne, kila mmoja akijidai amepita tu, wakakutana kwenye foleni ya kubinywa. Kwa mawaziri wengi kiasi hicho mchicha wa kimagendo haukutosha. Ndipo Profesa Akwilino akaketi tena, akagundua kwamba jani ni nyama ya ng'ombe ambayo bado haijaingia ndani ya ng'ombe. Muhuri ukagongwa. Mtukufu hakupinga. Kesho yake masoko yalijaa mboga mpaka barabarani, na baada ya siku chache matumbo ya nchi nzima yalifunguka, bila haja ya ule muziki wa taratibu.

*

Ludoviko alikwenda Msambo likizo yake ya kwanza. Kutoka kwenye mwisho wa lami alitembea kwenye barabara mpya, iliyochongwa na miguu ya baraza la mawaziri. Shangazi alimwekea kisamvu cha nazi, ugali wa moto, na juu yake kipande kimoja cheusi.

"Leo tunakula nani?" aliuliza Ludoviko.

"Sikitu. Ndicho kipande chake cha mwisho, kile cha kwenye Tume. Nilikuwekea."

Walimsifu Sikitu kidogo. Ludoviko akamega ugali, kisha akasita.

"Shangazi, wale mawaziri. Kila Jumamosi unawaambia bado kidogo. Utawakausha kweli?"

Shangazi Skolastika alisogeza kuni mafigani, moshi ukapanda uchagani.

"Sikiliza, baba. Desi aliturudishia uchaga wetu, japo aliurudisha akiwa hayupo. Nilimkausha kwa hilo. Lakini mimi hapa natundika kitu ambacho watu watakihitaji kiangazi kikifika. Wewe umekaa nao, unawajua. Niambie, ni yupi kati yao mtu atakayemhitaji?"

Ludoviko alitaka kumjibu haki bin haki. Akaanza na Mheshimiwa Fokasi, akawapitia wote mmoja mmoja kwa majina yao, mpaka yule wa thelathini na nne, kisha akarudia tangu mwanzo, na kisamvu kikapoa mbele yake.